Minza Agoma Kutazama Jua

Sogeeni, wenye masikio madogo. Na ninyi wenye masikio makubwa, sogeeni pia.

Katika mji mmoja mdogo, wenye kiwanda cha pamba, aliishi mtoto aitwaye Minza.

Minza alikuwa mfupi. Alimfikia mama yake kiunoni tu. Lakini alikuwa na neno moja refu kuliko yeye.

Neno lenyewe ni hili: "Sitaki!"

Alilisema akimwagiwa maji ya baridi. "Sitaki!" Alilisema akichanwa nywele. "Sitaki!" Mara nyingi neno hilo lilimponza.

Lakini kuna siku moja halikumponza. Siku hiyo ndiyo nataka kuwasimulia.

Bibi Milembe alikuwa amekuja kuwatembelea. Bibi alikuwa mama yake Mama, na alikaa mbali sana.

Bibi alikuwa na macho makubwa, meusi, yenye kucheka. Bibi akisimulia hadithi, macho nayo yalisimulia. Bibi akinyamaza, macho yaliendelea kusema.

Wakati mwingine alificha karanga chini ya khanga. Alimkonyeza Minza kwa jicho moja, na Minza alijua pa kutafuta.

"Njoo, mke mwenzangu," Bibi alimwita. Ndivyo mabibi wa kwao wanavyowatania wajukuu. Minza alicheka kila mara.

Lakini kesho Bibi anaondoka.

Minza alipokumbuka hivyo, aliacha kucheka. Alimfuata Mama jikoni.

"Mama, Bibi akiondoka, macho yake nitayaona wapi?"

"Kwenye picha," Mama akajibu huku akipepeta mchele. Pe, pe, pe. "Si zimejaa ukutani?"

Minza akavuta kigoda mpaka sebuleni. Kruu, kruu, kruu. Akapanda. Akatazama picha ya kwanza.

Bibi siku ya harusi yake. Macho yamefumba.

Akatazama picha ya pili. Bibi amembeba Mama, Mama akiwa mchanga. Bibi amefumba. Mama amefumba.

Akatazama ya tatu. Bibi na mbuzi wake. Hata mbuzi alikuwa amefumba macho!

Wote walikunja sura, kama watu walioramba ndimu.

"Mama! Mbona wote wamelala?"

"Hawajalala, mwanangu. Walikuwa wanatazama jua."

"Kwa nini?"

"Ndivyo picha zinavyopigwa. Muulize mjomba wako."

Mjomba Maduhu alikuwa mpiga picha wa mji mzima. Juu ya mlango wa studio yake aliandika kwa rangi nyekundu: JUA USONI!

Alifundishwa hivyo na mzee aliyempa kazi. Mzee huyo alifundishwa hivyo na mzee mwingine. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Harusini Mjomba alipaza sauti. Shuleni alipaza sauti. Kanisani, nje ya mlango, alipaza sauti:

"Jua usoni! Kidevu juu! Usitikisike!"

Kacha!

Na watu walitii. Bwana harusi alitii. Mwalimu mkuu alitii. Machozi yaliwatoka, puani kukawasha, lakini walitii.

Mchana huo Mjomba akafika kwa baiskeli. Kring, kring! Kamera yake ilining'inia kifuani. Suruali yake ilikuwa imenyooshwa mpaka ikasimama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Haya, tokeni nje! Bibi anaondoka kesho. Tumpige picha ya ukumbusho."

Bibi akavaa kitenge kipya. Mama akambeba Sayi, mdogo wake Minza. Baba alikuwa kazini kiwandani.

Wakasimama katikati ya ua. Jua lilikuwa kali. Bati la nyumba lililia kwa joto. Ta! Ta!

"Jua usoni!" akasema Mjomba. "Kidevu juu! Usitikisike!"

Mama akatazama jua. Macho yake yakawa mistari.

Sayi akatazama jua. "Ngaaaa!" akalia.

Bibi akatazama jua. Na yale macho makubwa, meusi, yenye kucheka, yakapotea.

Minza akautazama uso wa Bibi. Akaona pua. Akaona kidevu. Macho hakuyaona.

Akakasirika. Akakasirika kabisa, kuanzia vidole vya miguu hadi masikioni.

Akageuka. Akaligeuzia jua mgongo.

"Sitaki!"

"Minza!" akasema Mjomba. "Geuka huku."

"Sitaki jua! Nataka macho ya Bibi!"

"Minza, adabu yako iko wapi?" akauliza Mama.

"Ninayo, Mama," akajibu Minza. "Lakini jua sitaki."

Mjomba akacheka. Kisha akaona Minza hacheki, naye akaacha.

"Mpwa wangu, nimepiga picha mji mzima. Hakuna hata mtu mmoja aliyenigeuzia mgongo."

"Mimi nimegeuka," akasema Minza.

"Na mimi," ikasema sauti nyingine.

Nani huyo? Alikuwa Bibi! Bibi naye akageuka, polepole, na kitenge chake kipya. Akaligeuzia jua mgongo.

"Mama!" Mjomba akashtuka. "Na wewe?"

"Na mimi, Maduhu. Nimetazama jua tangu siku ya harusi yangu. Kila picha natoka kama ninayeumwa jino. Nimechoka."

Minza akamshika Bibi mkono. Akamvuta mpaka kibarazani, chini ya paa, penye kivuli. Mama akawafuata, maana Sayi alikuwa amelowa machozi.

Kivulini kulikuwa na ubaridi mzuri. Mama akashusha pumzi. Sayi akanyamaza.

Na macho ya Bibi yakafunguka. Makubwa, meusi, yenye kucheka.

"Hapa!" akasema Minza. "Mjomba, tupige hapa!"

"Hapo?" Mjomba akashika kichwa. "Kivulini? Kivulini picha inatoka nyeusi kama sufuria ya makande! Mimi kivulini sipigi. Anayetaka picha ya kivulini, apige mwenyewe."

Maskini Mjomba. Alidhani maneno yameishia hapo. Hakumjua vizuri mpwa wake.

"Basi nitapiga mimi!"

Mjomba akamtazama Mama. Mama akatazama juu. Mjomba akamtazama Bibi. Bibi akakunja mikono.

"Umesema mwenyewe, mwanangu," akasema Bibi. "Mpe."

Mjomba akavua kamera taratibu, kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe.

"Mkanda shingoni," akasema. "Kila mara. Kamera ikianguka haiamki."

Minza akavaa mkanda. Kamera ikamfika tumboni.

"Usiguse hiki kioo cha mbele. Hii ndiyo lenzi. Ndilo jicho la kamera. Ukiligusa kwa vidole vyenye mafuta, litaona ukungu."

Minza akafuta vidole kwenye gauni. Mama akajifanya hakuona.

"Mkono wa kushoto uwe chini ya jicho, kama unabeba bakuli la uji wa moto. Mkono wa kulia huku. Kidole hapa, kwenye kitufe. Haya, piga."

Minza akapiga.

Kacha!

Wakatazama picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Palikuwa na giza. Giza tupu! Kwa chini, pembeni, kilionekana kisigino cha Bibi.

"Umeona?" Mjomba akafurahi. Akaanza kupiga mluzi. "Si nilikwambia? Sasa turudi juani."

"Sitaki!" akasema Minza. "Nataka macho ya Bibi!"

"Picha imetoka nyeusi, mtoto wewe!"

"Basi nitapiga nyingine."

Lakini nyingine aipige vipi? Minza hakujua. Akaketi ukingoni mwa kibaraza akafikiri.

Paka wa jirani alikuwa amelala uani, juani. Minza akamtazama machoni. Kile cheusi cha katikati kilikuwa chembamba kama uzi.

Paka akaona joto limezidi. Akainuka, akajinyoosha, akaja kulala kivulini. Minza akamtazama tena.

Kile cheusi kilikuwa kimekua! Kilikuwa cha mviringo kama kifungo cha koti.

"Mjomba," Minza akaita. "Jicho la paka limefunguka kivulini."

"Ndiyo. Linatafuta mwanga. Hata lako linafunguka."

"Na la kamera?"

Mjomba akakohoa. Akatazama baiskeli yake. Akatazama bati.

"La kamera linafunguka?" Minza akauliza tena.

"Linafunguka," akasema Mjomba kwa sauti ndogo.

"Basi lifungue!"

"Haliguswi," akasema Mjomba.

Akawaonyesha. Kamera ilikuwa na vigurudumu viwili vidogo. Na juu ya vigurudumu hivyo kulikuwa na selotepu. Selotepu kuukuu, iliyogeuka rangi ya chai.

"Siku niliyoinunua, niliviweka kwenye namba za jua," akasema Mjomba. "Kisha nikavibandika, mtu asije akavigusa. Vikae kwenye jua."

"Tangu siku hiyo?"

"Tangu siku hiyo."

Minza akaitazama kamera. Akaionea huruma.

"Kumbe kamera yako nayo imekunja sura!"

Bibi akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Mama akacheka pia, halafu akajificha nyuma ya Sayi.

"Bandua, Mjomba," akasema Minza.

"Sitaki!" akasema Mjomba.

Mmemsikia? Mjomba, mtu mzima, mwenye ndevu! Kumbe neno lile lilikuwa la ukoo mzima.

Bibi akaacha kucheka. "Maduhu, mwanangu. Unaogopa nini?"

Mjomba akakaa chini kando ya Minza. Alisahau kabisa suruali yake iliyonyooshwa.

"Namba za kivulini nimezisahau," akasema. "Nikibandua, nikashindwa, watu watasema Maduhu hajui kazi."

Minza hakumcheka. Kuogopa hakuchekeshi.

"Mimi hata sijawahi kuzijua," akasema. "Tutajaribu. Ikitoka mbaya, tunapiga nyingine."

Mjomba akafikiri. Akakuna ndevu. Kisha akashika selotepu kwa kucha.

Chraaaa!

Selotepu ikabanduka.

"Kigurudumu hiki," akasema Mjomba, "kinafungua tundu ndani ya jicho. Tundu dogo, mwanga kidogo. Tundu kubwa, mwanga mwingi. Kizungushe."

Tik. Tik. Tik.

Minza akachungulia lenzi, bila kuigusa. Ndani, tundu dogo lilikuwa linakua. Likakua kama jicho la paka.

Akashuka uani, akainua kamera.

Kacha!

Wakatazama. Giza lilikuwa limepungua. Kitenge kilionekana. Meno ya Bibi yalionekana. Macho bado yalikuwa gizani.

"Bado usiku," akasema Minza. "Kigurudumu cha pili ni cha nini?"

Safari hii Mjomba hakukohoa. Alisogea karibu.

"Hicho ni cha pazia. Ndani ya kamera kuna pazia. Ukibonyeza kitufe, pazia linafunguka, mwanga unaingia, pazia linafunga."

Haya, wewe unayesikiliza, fumba macho. Fumbua, fumba upesi! Umeona nini? Kidogo tu.

Sasa fumba tena. Fumbua, hesabu mpaka tatu, fumba. Umeona vingi, sivyo? Pazia la kamera ni hivyo hivyo. Likifunga upesi, mwanga kidogo. Likichelewa, mwanga mwingi.

"Nataka lichelewe," akasema Minza.

Tik. Tik. Tik. Tik. Tik. Tik. Tik.

"Inatosha," akasema Mjomba.

Tik. Tik. Tik.

"Minza, inatosha!"

Kaaaaaaaaa... cha!

Wakatazama. Lo! Sasa picha ilikuwa nyeupe, kama iliyomwagiwa unga. Na Bibi alikuwa na pua tatu.

"Nina pua ngapi?" akauliza Bibi kutoka kibarazani.

"Tatu, Bibi."

"Naona mafua yatanimaliza mwaka huu," akasema Bibi.

Mjomba akacheka. Alikuwa ameanza kunogewa, lakini hakutaka mtu ajue. "Umezidisha mwanga. Rudisha nyuma kidogo."

Tik. Tik. Tik. Tik.

Kaaa... cha!

Wakatazama. Mwanga ulikuwa mzuri! Haukuwa mweupe, wala haukuwa mweusi. Ua la kitenge lilikuwa jekundu kama lilivyo.

Lakini uso wa Bibi ulivurugika kama uji. Macho yake yalikuwa michirizi.

"Nini tena?" Minza akalalamika.

"Umetikisika," akasema Mjomba. "Pazia likiwa la haraka, halioni ukitikisika. Likichelewa, linaona kila kitu. Hapo ndipo kivuli kinaponishinda mimi."

Minza akapiga tena. Kaaa... cha! Uji.

Akapiga tena. Kaaa... cha! Uji mzito zaidi.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya nyumba. Kivuli cha kibaraza kilikuwa kirefu, kimefika katikati ya ua. Mwanga ulianza kupungua.

"Basi, Minza," akasema Mama kwa upole. "Umejitahidi. Bibi hajafunga mizigo yake bado."

 Bibi anaondoka kesho. Ukutani kumejaa watu waliofumba macho. Na huyu mmoja aliyefumbua, mikono ya Minza inamtikisa.

"Sitaki," akasema, na machozi yakamtoka. "Sitaki kuacha. Nataka macho ya Bibi."

Hakuna aliyecheka. 

Mjomba Maduhu akapiga goti. Goti la suruali iliyonyooshwa, moja kwa moja kwenye vumbi!

"Piga goti kama mimi," akasema. "Moja tu. Sasa kiwiko cha kushoto kiweke juu ya goti lililosimama."

Minza akapiga goti uani. Akaweka kiwiko juu ya goti.

"Kiwiko cha kulia kibane mbavuni. Jikunyate, kama kuku aliyenyeshewa."

Minza akajikunyata.

"Futa machozi kwanza. Jicho la kamera kavu, na lako liwe kavu."

Minza akafuta machozi kwa bega.

"Vuta pumzi. Itoe polepole. Ikikaribia kwisha, bonyeza. Usibonyeze kwa hasira. Bonyeza taratibu, kama unamgusa Sayi amelala."

Kisha Mjomba akasimama. Akawageukia watu wa kibarazani. Kwa mazoea akapanua mdomo:

"Jua uso—"

Akasita. Akajikuna.

"Kivuli usoni!" akapaza sauti. "Kidevu popote! Usitikisike!"

Mama akatulia. Bibi akatulia. Sayi akatulia, kidole kikiwa puani.

Minza akatazama. Akamwona Bibi. Bibi naye alikuwa anamtazama yeye, yeye tu.

Akavuta pumzi. Hiiiii.

Akaitoa. Hoooo.

Kaaa... cha.

 Hata bati lilikuwa limeacha kulia.

Minza hakuthubutu kutazama. Akampa Mjomba kamera. Mjomba akatazama kioo.

Akatazama tena. Akavua kofia yake.

"Mama," akasema Mjomba, na sauti yake ilikuwa nzito. "Nimekupiga picha tangu nilipoanza kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona."

Wote wakakimbia kuangalia. Wakasongamana, kichwa kwa kichwa.

Pale alikuwepo Mama, ametabasamu. Pale alikuwepo Sayi na kidole chake. Na pale, katikati, alikuwepo Bibi Milembe.

Macho yake yalikuwa wazi. Makubwa, meusi, yenye kucheka.

"Mimi huyo!" akasema Bibi. Akagusa shavu lake. "Mwee! Kumbe mimi mzuri hivi?"

"Nilisema!" Minza akarukaruka. "Nilisema! Nilisema!"

"Ulisema, mpwa wangu," akasema Mjomba. "Ulisema, na mimi sikusikia."

Mjomba akapanda baiskeli. Kring, kring! Akaenda studio. Akaukuza uso wa Bibi peke yake, akauchapa kwenye karatasi kubwa. Kabla ya chakula cha jioni alikuwa amerudi.

Selotepu aliitupa jalalani, na hakununua nyingine.

Wakala ugali na samaki. Bibi akafunga mizigo yake. Kikapu cha mchele, doti ya khanga, dawa ya magoti.

Kisha ukawa wakati wa kulala. Bibi na Minza walilala kitanda kimoja. Minza alikuwa ameshika picha kwa mikono miwili, chini ya taa.

Akaitazama. Akafurahi. Akaitazama tena. Safari hii hakufurahi sana.

"Bibi," akasema. "Mimi simo."

"Humo wapi?"

"Kwenye picha. Picha ingekuwa nzima, Mama angekuwa hapa, Sayi angekuwa hapa. Mimi nilikuwa nje, napiga. Ukienda kesho, utakuwa kwenye picha peke yako."

Bibi akavaa miwani. Akaisogeza picha karibu na taa.

"Nani kasema niko peke yangu? Hebu tazama vizuri. Usitazame uso wangu wote. Tazama ndani ya jicho."

Minza akasogeza pua mpaka ikakaribia karatasi.

Ndani ya jicho la Bibi, katikati ya weusi, kulikuwa na mwanga mdogo. Ulikuwa mwanga wa uani.

Na ndani ya mwanga huo kulikuwa na kitu. Kilikuwa kidogo kama punje ya mtama.

Kilikuwa na goti moja chini. Kilikuwa na kiwiko juu ya goti. Kilikuwa kimejikunyata, kimeshika kamera.

"Bibi!" Minza akanong'ona. "Ni mimi!"

"Ni wewe," akasema Bibi. "Nilikuwa nakutazama wewe, mke mwenzangu. Na jicho langu limekushika. Tazama na hili jingine."

Minza akatazama jicho la pili. Kweli! Alikuwemo humo pia.

"Nikiondoka kesho," akasema Bibi, "utabaki humo. Usiku utabaki. Mvua ikinyesha utabaki. Hakuna wa kukutoa."

"Hata Mjomba?"

"Hata Mjomba."

Minza akaisimamisha picha kando ya mto. Bibi akazima taa. Pap!

Hakuna aliyesema kidevu juu. Hakuna aliyesema usitikisike. Hakukuwa na jua la kumchoma mtu.

Bibi Milembe akafumba macho kwa sababu alikuwa amechoka. Na Minza, kwa kupenda kwake mwenyewe, akafumba ya kwake.